Miondoko ya Kujirudia kwa Watu Wenye Usonji: Hoja ya Kuielewa Kabla ya Kuizuia

Mtoto mwenye usonji anapopunga mikono, anapoyumba au kurudia neno lilelile, mara nyingi huamriwa atulie. Makala haya yanatetea msimamo kwamba miondoko hiyo ina kazi, na kwamba mwalimu au mlezi anawajibika kuitambua kazi hiyo kabla ya kufikiria kuizuia.

Daktari wa akili Leo Kanner, alipoandika kuhusu watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, aliyahusisha marudio hayo na haja yao ya kutaka mambo yabaki vilevile. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia Ivar Lovaas, huko California, alijaribu kuyakomesha hata kwa mshtuko wa umeme. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 uliweka tabia za kujirudia katika kundi moja na hisi zilizo kali au hafifu kupita kawaida. Mwaka 2019 mtafiti Steven Kapp na wenzake waliwasikiliza watu wazima wenye usonji wenyewe. Hao walieleza kwamba miondoko huwasaidia kuhimili kelele na hisia nzito, wakapinga tiba inayokusudia kuifuta.

Ushahidi huo unaeleweka vizuri ndani ya darasa la Mbeya lisilo na dari, mvua inapopiga bati hadi sauti ya mwalimu imezwe. Wanafunzi wengine husubiri ipungue. Mwenye usonji huenda akaziba masikio, akayumba mbele na nyuma, akachezesha vidole mbele ya macho. Akikatazwa, mvua haipungui. Anachopoteza ni njia yake ya kuihimili, na nguvu za kusoma zinaishia katika kujizuia.

Kuna pingamizi mbili. Kwanza, baadhi ya miondoko hudhuru. Ni kweli: anayejigonga kichwa ukutani lazima alindwe. Lakini achunguzwe pia jino, sikio, njaa na uchovu, maana asiyeweza kusema huenda anaonyesha maumivu. Viboko havitibu jino, wala kumdhania ana mashetani hakulitibu. Pili, inasemwa kwamba jamii itamcheka. Iringa inatoa jibu: katika mgahawa wa Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, wahudumu ni viziwi, na mteja huagiza kwa ishara au maandishi. Anayejirekebisha ni mteja. Jamii inayoweza kujifunza hilo inaweza pia kuzoea mikono inayopunga.

Mwalimu anaweza kuanza na machache: kuandika kilichotangulia kila mwondoko, kumkalisha mtoto mbali na kelele, kumruhusu atoke kidogo anapoelemewa. Lengo la kwamba "aache kupunga mikono" lisiingizwe katika mpango wa elimu wa mwanafunzi asiyejidhuru. Mahali pake paandikwe kinachomwelemea darasani, na nani atakishughulikia.