Pumzi Iongozayo: Nai na Filimbi

Nai ya taarabu, iliyofika Unguja kutoka Misri pamoja na udi na ganuni, ni mwanzi mtupu, wazi ncha zote mbili, usio na ulimi kama wa zumari. Mpulizaji hupuliza kwenye ukingo wake, na ndani ya sauti husikika pumzi yenyewe, jambo ambalo fidla haiwezi. Kwenye taksimu, yaani kipande kinachobuniwa papo hapo, nai hubaki peke yake, na hapo ndipo uzuri wake.

Mwaka 1973, huko Marekani, mpiga filimbi Bobbi Humphrey aliipa filimbi ya chuma heshima kama hiyo ya kusikika mbele: katika albamu ya Blacks and Blues inaongoza, besi na ngoma za fanki zikiifuata.