Askari Wazee wa Mombasa na Haki ya Tiba

Karibu na Ngome ya Mombasa lipo jiwe la ukumbusho wa Arthur Wavell, Mwingereza aliyehiji Makka mwaka 1908 akijifanya mtu wa Zanzibar na akifuatana na Mswahili wa mji huu. Wavell huyo, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, alikusanya kikosi cha Waarabu, aghalabu Wahadhrami waliokuwa wachukuzi wa maji Mombasa, akapigana pamoja nao dhidi ya Wajerumani huko Gazi hata alipouawa Mwele, Januari 1916. Ukitoka huko ukaifikia barabara ya Jomo Kenyatta, utaona ukumbusho mwingine wa vita hivyo hivyo, wa askari Waafrika na wapagazi, ambao taadhima yake si haba, ila haukuandikwa jina la hata mmoja wao.

Jambo hili la majina ndilo shina la mashaka yote yaliyofuata, kwa kuwa mgonjwa hudai tiba ya serikali kwa hati, na hati hutoka katika daftari. Wapagazi waliuawa na maradhi kuliko risasi: kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na waliosalimika walirejea makwao na miili iliyokwisha kuchakaa. Watkins na Ainsworth, maofisa wa dola ya Uingereza, waliomba ujira wa wapagazi waliokufa au kupotea, ambao haukudaiwa na mtu, utumiwe kwa manufaa ya Waafrika, London ikakataa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola ya makaburi ya vita iliungama kwamba waliokufa wakaachwa bila ukumbusho wa majina, au bila ukumbusho wowote, ni watu 116,000 kwa uchache, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri.

Vita vya Pili vya Dunia havikurekebisha dhuluma hiyo. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, na tarehe 12 ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani, wakafa watu 1,297, miongoni mwao wapiga mizinga wengi wa Afrika ya Mashariki. Waliorudi salama kutoka Burma walipewa kiinua mgongo cha mara moja: askari mzungu wa daraja la chini kabisa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa daraja lilo hilo shilingi tatu na nusu. Fedha hizo zilipokwisha, hapakuwa na malipo ya kila mwezi kwa walio wengi. Na yule ambaye mguu wake ulianza kumsumbua baada ya miaka ishirini alijiuguza kwa mali ya wanawe.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliahidi karibu pauni milioni 12 kwa maveterani wa Jumuiya ya Madola na wajane wao, ili wapate milo miwili kwa siku. Ni hisani njema, wala siibezi. Lakini hisani hutolewa kwa ampendaye mtoaji, na haki ya askari ilikuwa deni.

Kenya nayo ilitunga Sheria ya Maveterani wa Kijeshi mwaka 2022. Kwa wazee wa kisiwa hiki, waliotumikia mizingani au manowarini, naona dhima ya kwanza ya watekelezaji wake ni kuwafuata majumbani, Kibokoni na Makadara, na kuwaandika wao na wake zao, kabla ya kumwambia shaibu asiyeweza kupanda ngazi akalete ushahidi ambao serikali yenyewe ndiyo iliyopaswa kuutunza.