Msimamizi wa huduma za afya ya akili na kazi yake

MKAZI wa Baba Dogo, mtaa wa viwanda na makazi katika eneobunge la Ruaraka, Nairobi, yuko kilomita chache tu kutoka Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, ambayo ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya magonjwa ya akili nchini Kenya. Hata hivyo, ukaribu huo pekee haumhakikishii tiba. Hapo ndipo anapohitajika msimamizi wa huduma za afya ya akili.

Msimamizi huyu hupanga zamu za wauguzi na washauri nasaha, huagiza dawa kabla hazijaisha, hulinda siri za wagonjwa na kuwafuatilia walioruhusiwa kurudi nyumbani. Mgonjwa akikosa dawa, maradhi huweza kurejea, naye akalazwa upya.

Mshauri wa huduma hizi, kwa upande wake, hufanya kazi kwa mkataba. Hukagua kliniki, huandaa miongozo na kuwaelekeza wenye viwanda jinsi ya kuwasaidia wafanyakazi waliolemewa na msongo wa mawazo au uraibu, badala ya kuwafuta kazi.

Wengi huanzia uuguzi, udaktari au saikolojia, kisha husomea usimamizi. Wanasaikolojia na washauri nasaha wa Kenya huongozwa na sheria ya mwaka 2014. Nayo Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022, imezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo katika maeneo yao. Kutimizwa kwa wajibu huo kwategemea sana wasimamizi waliofuzu.