Kidole cha Mchimbaji wa Kipushi

Mgodi wa Kipushi ulifunguliwa mwaka 1924, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi nchini Kongo, mpakani kabisa na Zambia. Kampuni ya Union Minière iliuita Prince Léopold. Ilifuata shaba na zinki, na kazi hiyo hula vidole: ukucha hupondwa, nyama huchanika, mtu hupelekwa kushonwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea vibarua wa kuja na kuondoka. Wachimbaji walikaa na wake zao, wakajengewa nyumba, shule na hospitali. Watoto wao wakaitwa bana Shaba, yaani watoto wa Shaba. Aliyekutuma shimoni ndiye aliyekutibu.

Ganzi ya zama hizo ilikuwa prokaini ya Mjerumani Alfred Einhorn. Lidokaini ya Nils Löfgren wa Sweden iliundwa mwaka 1943. Sindano huchomwa pande mbili za shina la kidole, daktari anashona huku mgonjwa akitazama. Balaa huja baadaye, ganzi inapoisha na kidole kinapwita kwa kila pigo la moyo.

Hapo ndipo vidonge hupimana nguvu. Aspirini, iliyouzwa na Bayer tangu 1899, hutuliza, lakini huzuia damu kuganda, na kidonda kibichi hakihitaji hilo. Parasetamoli ilitengenezwa karne ya 19, lakini ilianza kutumika sana miaka ya 1950. Ni pole kwa tumbo, ila haigusi sana uvimbe, na ikizidi huharibu ini. Kupunguza uvimbe ni kazi ya ibuprofeni ya Stewart Adams, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969, wakati mgodi ulishakuwa mali ya serikali ya Mobutu. Nayo huchokoza tumbo na figo. Parasetamoli na ibuprofeni zikimezwa pamoja, kila moja kwa kipimo chake, hutuliza kuliko moja peke yake. Kwa upasuaji mdogo wa mkono, dawa za jamii ya afyuni mara nyingi haziongezi nafuu, ila kizunguzungu na kichefuchefu.

Mwaka 1993 mgodi ulisimama. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, iliagana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mkupuo, na matibabu waliyoyazoea yakawa ya kulipia mfukoni. Uzalishaji Kipushi ulirejea mwaka 2024, chini ya Gécamines na mbia mwingine. Na aliyeshonwa kidole akakosa pesa ya dawa, angalau mto wa kuinulia mkono usivimbe alikuwa nao nyumbani.