Majirani wa Azhar: Habari za Makao ya Wanafunzi Katika Mji wa Cairo

Kila mzazi aliyepata kumpeleka mwanawe mji mkubwa kutafuta elimu ayajua maswali yanayomkesha usiku: mtoto atalala wapi, atakula nini, na siku ya homa ni nani atakayemjulia hali? Karo ya masomo huenda ikapatikana kwa michango ya jamaa. Lakini mwanafunzi asiye na mahali pa kuweka kichwa chake husoma nusu, na nusu ya pili huipoteza akihangaika. Maswali haya si mapya. Waislamu waliotutangulia waliyakabili katika mji wa Cairo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakayajibu mara kwa uzuri na mara kwa makosa. Yafaa basi, katika kijitabu hiki cha kumbukumbu, ambamo twahesabu tuliyoyajenga na tuliyopungukiwa nayo, tuyasimulie yaliyowapata, ili wanaofikiria kuwajengea vijana makao wapate ibra.

Mji wa Cairo uliasisiwa katika mwaka wa 969 na jemadari Jawhar kwa amri ya al-Mu'izz, Khalifa wa Kifatimi. Msikiti wa Azhar ulianza kujengwa mwaka uliofuata, na sala ya kwanza ikasaliwa humo katika Ramadhani ya mwaka 361 wa Hijra, yaani 972. Haukujengwa kwanza kuwa chuo. Ulikuwa msikiti wa Ijumaa wa mji mpya. Lakini katika mwaka wa 988 waziri Ya'qub ibn Killis alimwomba Khalifa al-Aziz awatengee posho wanavyuoni 35 waliokuwa wakikutana msikitini kila Ijumaa, baada ya sala hata alasiri. Khalifa aliridhia, akawapa riziki ya kuwatosha, na akaamuru wajengewe nyumba kando ya msikiti. Tazama mpango ule: darsa, chakula na nyumba vilikuja pamoja.

Wale waliokaa karibu na msikiti kwa ajili ya elimu waliitwa kwa Kiarabu mujawirun, maana yake waliojiweka ujirani. Neno hilo na neno letu jirani ni la shina moja. Kwa hiyo mwanafunzi wa Azhar hakuitwa mpangaji, wala mgeni, wala maskini wa msikiti, ijapokuwa wengi wao walikuwa maskini kweli. Aliitwa jirani, na jirani ana haki zake zijulikanazo.

Baada ya dola ya Kifatimi kuanguka mwaka 1171, sala ya Ijumaa ilisimamishwa Azhar kwa muda wa karibu karne moja, hata Sultani Baybars akairudisha mwaka 1266. Tangu hapo wanafunzi wakazidi kumiminika. Watu wa kila nchi wakapewa sehemu yao, iliyoitwa riwaki. Asili ya neno hili ni ukumbi wenye nguzo. Baadaye likawa na maana ya bweni la watu watokao upande mmoja wa dunia. Palikuwa na riwaki ya watu wa Maghribi, ya Shamu, ya Waturuki, ya Wakurdi, ya Yemen, ya Makka na Madina, ya Bornu, ya Sinnar katika nchi ya Sudan, ya Jawa, na nyinginezo. Hata Wamisri wenyewe waligawanyika, watu wa kusini mbali na watu wa Delta.

Maisha ya riwaki yalikuwa na kanuni zake. Kila riwaki ilikuwa na shekhe wake, na chini yake nakibu aliyeshika orodha ya majina. Mwanafunzi aliyeandikwa alipata mahali pa kutandika mkeka wake, kabati la kuwekea vitabu na nguo, na fungu la mikate lililoitwa jiraya, ambalo sisi tungeliita posho. Posho ile haikuwa kubwa. Mikate mingine iliuzwa ili kupata mafuta ya taa au kitoweo, na wale ambao majina yao hayajafikiwa na zamu walingoja, wakiishi kwa chakula kiletwacho kutoka kwao au kwa ukarimu wa wenzao. Alfajiri waliketi kwenye nguzo ya mwalimu wao. Usiku walikariri masomo kwa pamoja, mwenye ufahamu akimsaidia mzito. Aliyetoka kijijini hajui mtu alikuta huko wanaosema lugha yake na kupika kama mama yake. Hii ndiyo faida kubwa ya riwaki.

Fedha zilitoka wapi? Sehemu kubwa zilitoka katika wakfu: mashamba, maduka na nyumba ambazo wenyewe walizifunga, mapato yake yaende kwa wanafunzi wa riwaki fulani daima. Ibn Khaldun, mwanahistoria mkubwa wa Maghribi, aliyefika Cairo mwishoni mwa karne ya 14 na kusomesha Azhar, aliustaajabia wingi wa wakfu wa mji ule, akaueleza sababu yake bila kuficha. Alisema kwamba maamiri walichelea Sultani asije akanyang'anya mali yao watakapokufa. Ndipo wakajenga vyuo na kuviwekea wakfu, na watoto wao wakawa wasimamizi wenye fungu lao. Basi nia haikuwa safi siku zote. Lakini mkate uliofika mkononi mwa mwanafunzi ulikuwa mkate wa kweli. Na sheria ya wakfu ilikuwa na nguvu kuliko nia ya aliyeuweka, maana yeye alipokufa, mali iliendelea kuwalisha watu asiowajua.

Walakini wakfu bila msimamizi mwadilifu ni kama nyumba isiyo na mlango. Al-Maqrizi, aliyeishi Cairo zama zile, ameandika kwamba katika mwaka 818 wa Hijra, yaani 1415, wakazi wa Azhar walikuwa wamefikia watu 750, miongoni mwao Waajemi, watu wa Zeila, watu wa mashamba ya Misri na Wamaghribi. Amiri mmoja, jina lake Sudub, alipewa usimamizi wa msikiti. Yeye aliwaona maskini wale kuwa ni uchafu wa mahali patakatifu. Akaamuru watolewe, pamoja na masanduku yao, makabati yao na marehali ya misahafu yao. Kisha akawavamia usiku waliobaki wamelala msikitini, wakapigwa na kuporwa. Wakatawanyika katika mji, wengine hawana pa kwenda. Al-Maqrizi, ambaye hakuficha huzuni yake, asema pia kwamba katika Ramadhani ya mwaka ule ule amiri huyo alikamatwa na Sultani na kufungwa Dameski. Msimamizi aliondoka, wanafunzi wakarudi.

Hapa na tusimame kidogo kwa watu wa Zeila, kwa kuwa hao ni wa upande wetu wa bara la Afrika. Zeila ni bandari ya pwani ya kaskazini ya nchi ya Wasomali, na kwa njia hiyo Waislamu wa Zeila na wa nchi za Uhabeshi walikwenda kusoma Misri. Riwaki yao ilijulikana kwa jina la Jabarti. Katika ukoo mmoja wa riwaki hiyo, ambao mzee wao wa zamani alikuja Cairo kutafuta elimu, ushekhe wa riwaki ulirithiwa kizazi baada ya kizazi. Hasan al-Jabarti, aliyefariki mwaka 1774, alikuwa bingwa wa hesabu na falaki. Na mwanawe Abd al-Rahman al-Jabarti, aliyezaliwa mwaka 1753, ndiye mwandishi wa tarehe iliyo mashuhuri kuliko zote za Misri ya zama zake. Mwanafunzi mgeni alipewa mkeka na mkate, na kizazi chake kikaulipa mji ule kwa kuuandikia historia yake. Ni nani awezaye kukadiria faida ya mkeka ule?

Al-Jabarti huyo ndiye aliyeshuhudia msiba wa mwaka 1798. Wafaransa chini ya Napoleon Bonaparte walikuwa wameuteka mji, na mwezi wa Oktoba watu wa Cairo waliasi. Mizinga ikapigwa juu ya Azhar. Kisha askari wakaingia msikitini na farasi wao. Katika maelezo ya al-Jabarti twasoma kwamba walizivunja kandili, wakawafunga farasi upande wa kibla, wakayavunja makabati ya wanafunzi na kupora walichokikuta, na vitabu wakavitupa chini na kuvikanyaga. Mwanafunzi hana mali nyingi. Mali yake yote ilikuwa ndani ya kabati lile dogo. Miaka michache baadaye Muhammad Ali alishika utawala wa Misri, akatia mkono katika ardhi nyingi za wakfu, na mapato ya wanavyuoni na wanafunzi yakapungua. Hivyo wakajua kwamba kalamu ya serikali yaweza kuwanyima posho pasipo kelele ya mzinga hata mmoja.

Si kila kosa lilitoka nje. Riwaki zilileta umoja wa watu wa nchi moja, lakini zilileta pia mashindano na ugomvi baina ya watu wa nchi mbalimbali juu ya mikate, nafasi na heshima. Tena palikuwa na msongamano, na afya haikutunzwa. Katika mwezi wa Juni 1896, wakati wa maradhi ya kipindupindu, mwanafunzi mmoja katika riwaki ya Shamu alishikwa na ugonjwa. Maafisa walipokuja kumchukua wampeleke hospitali, wenzake walikataa kumtoa. Mawe yakatupwa, polisi wakapiga bunduki, wanafunzi wakafa, wengine wakatiwa gerezani, na riwaki ikafungwa. Wale vijana walimpenda mwenzao, na tusiwacheke. Lakini mapenzi yasiyo na maarifa yaliwaongezea maiti. Serikali nayo ilikuwa na hoja ya afya mkononi, ikaja nayo kwa bunduki kwa watu ambao haikuwa imewaelimisha wala kuwazoea. Katika miaka ile ile Shekhe Muhammad Abduh na wenzake walikuwa wakijitahidi kuitengeneza Azhar: kupanga ugawaji wa posho, kuangalia usafi wa makao na matibabu ya wanafunzi, na kuvikusanya katika maktaba moja vitabu vilivyotawanyika.

Na je, wale ambao hawakupata nafasi ndani ya riwaki? Hao walipanga vyumba katika majumba ya kale kandokando ya msikiti. Habari zao amezieleza Taha Hussein katika kitabu chake al-Ayyam. Alikuwa kipofu tangu utoto, akaja Cairo kutoka Misri ya kusini mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 13, akakaa na kaka yake katika jumba la vyumba vingi ambamo wanafunzi walichanganyika na wafanya kazi wa mjini. Wanafunzi wale walikula maharage ya ful, wakanywa chai, wakabishana juu ya masomo hata usiku mwingi. Lakini yeye mdogo aliachwa peke yake chumbani. Kaka yake alipotoka kwenda kwa wenzake alizima taa, kwa kuwa kipofu hana haja nayo. Naye alikaa gizani akisikiliza vijidudu vikitembea ukutani, na sauti za kicheko kutoka chumba cha pili, asithubutu kwenda. Hakukosa paa wala mkate, alikosa mwenziwe. Siku binamu yake alipofika kutoka kijijini kukaa naye, maisha yake yaligeuka. Kijana yule alikuwa mtu wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu kipya cha Misri, mwaka 1914, na kuanzia mwaka 1950 hata 1952 akawa Waziri wa Elimu wa nchi yake.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1952 serikali ya Misri ilizitia wakfu za hisani chini ya wizara yake, na ulezi wa wanafunzi wageni ukawa wa serikali. Mwaka 1959 ulifunguliwa katika mtaa wa Abbasiyya mji mzima wa wanafunzi, uitwao Madinat al-Bu'uth al-Islamiyya, wenye majumba ya kulala, mahali pa kulia na msikiti, kwa ajili ya vijana wa Kiislamu kutoka Afrika, Asia na kwingineko. Sheria ya mwaka 1961 ikaongeza Azhar masomo ya udaktari, uhandisi na kilimo, ikawafungulia mlango na wanawake. Mkeka ukawa kitanda, na nguzo ikawa darasa. Wengi wa Afrika ya Mashariki wamelala katika majumba hayo.

Nasi katika pwani yetu hatukuwa bila mfano. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliojengwa kwa juhudi ya Habib Saleh tangu mwanzo wa karne ya 20, ulipokea wanafunzi kutoka miji na visiwa vya mbali, wakalala na kula hapo bila kuulizwa ukoo wao. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba jambo hili ni la wafalme wa Misri peke yao.

Katika habari hizi yatokea mambo manne kwa mwenye kuzingatia. La kwanza, nyumba ya wanafunzi yahitaji pato la kudumu, wala si harambee ya siku moja. La pili, yahitaji msimamizi mwenye huruma na hesabu iliyo wazi, kwani amiri mmoja aliwatoa nje watu 750. La tatu, watu wa kabila moja wakikaa peke yao hufarijika upesi na hugombana na wengine upesi. Basi yafaa vijana wetu wachanganywe. Na la nne, ambalo ndilo rahisi na ndilo lisahaulikalo, ni kwamba kitanda hakimjulii mtu hali. Sisi tunaokaa Kampala, Bujumbura, Kigali au Lubumbashi twapita kila Ijumaa karibu na vijana waliotoka mbali, tunawaona safuni, tusiwajue majina. Hao ndio mujawirun wetu. Na tuanze kwa kuwauliza wamelala wapi, na jana wamekula nini.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia kwa mkeka waliotandika na mkate waliomega, na atuwafikishe sisi kufanya mfano wao. Amin.