Klima ya gari inapopuliza hewa ya moto: gazi hailiwi, inatoroka

Shofere mwenye kutoka Bukavu kwenda Uvira anaanza safari katika baridi. Kiisha kushuka Ngomo na kufika Kamanyola, joto ya bonde la Ruzizi inaingia ndani ya gari, na vumbi pamoja nayo. Anafunga vioo, anawasha klima, lakini inapuliza hewa ya moto tu. Ku garaji ya kwanza jibu ni moja: « Gazi imekwisha, bosi. Tuongeze. » Analipa. Kiisha wiki mbili, hewa ya moto imerudi.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Gazi ya klima hailiwi kama vile esanse ao mazuti. Inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa, ni ileile miaka na miaka. Ikipungua kidogo kwa muda mrefu, ni kawaida. Ikiisha kiisha wiki mbili, kuna tundu. Kuongeza bila kutafuta tundu hilo ni kumwaga maji ndani ya ndoo iliyotoboka.

Namna inavyotumika

Klima haitengenezi baridi, inaondoa joto ndani ya gari na kuitupa inje. Kompresere, yenye kuzungushwa na mkanda wa motere, inakamua gazi mpaka inakuwa moto sana. Gazi inapita ndani ya kondensere, kile kipande chenye kufanana na radiatere na kukaa mbele yake. Hapo inapoa na kugeuka maji. Kiisha inapita pahali pembamba sana, nguvu yake inashuka mara moja, na ndani ya evaporatere, nyuma ya tablo, inageuka tena gazi na kunyonya joto ya hewa inayopulizwa kwa abiria.

Pamoja na gazi kunazunguka mafuta kidogo. Yanalainisha kompresere na mipira ya maungio. Ndiyo sababu miji ya baridi kama Bukavu na Goma inaharibu klima bila watu kujua: gari linamaliza miezi klima haijawashwa, mafuta hayazunguke, mipira inakauka, na gazi inapata njia ya kutokea. Dawa yake ni bure: kuwasha klima dakika 10 kila wiki, hata kama joto haiko.

Mambo ya kutazama mbele ya kulipa

Mwenye gari anaweza kufanya haya yeye mwenyewe, bila chombo chochote:

1. Hewa inatoka kidogo lakini ni baridi? Filtri ya ndani imejaa vumbi. Katika magari mengi yenye kutoka Japani, inakaa nyuma ya sanduku dogo lenye kuwa mbele ya abiria. Kuibadilisha haiombe fundi mukubwa.

2. Klima inapoa gari likitembea, lakini inapasha gari likisimama? Ventilatere ya mbele haizunguke, ao kondensere imezibwa na matope na wadudu. Inaoshwa kwa maji ya polepole. Maji yenye nguvu sana yanapinda vile vibati vyembamba.

3. Motere ikiwaka na klima ikifunguliwa, kompresere inakamata? Katika magari mengi inasikika « tak », na katikati ya puli inaanza kuzunguka. Kama haikamate, inapashwa kutazamwa fyuzi na rele kwanza. Gazi ikipungua sana pia, gari lenyewe linakataza kompresere kukamata ili isife.

4. Kuna alama ya mafuta ku maungio ya mirija? Gazi ikitoka, inatoka na mafuta yake. Povu ya sabuni ikipakwa hapo, tundu inaonekana kwa mapovu yake.

Mikono, nguo na nywele zikae mbali na mkanda na ventilatere, juu hiyo inaweza kuanza kuzunguka yenyewe.

Kazi ya fundi

Fundi anayejua kazi hachomeki chupa ya gazi mara moja. Anaweka manometri mbili. Sindano zote mbili zikiwa chini, gazi ni kidogo. Zote mbili zikiwa juu, gazi imepita kiasi ao kondensere haipumue. Upande wa chini ukipanda na upande wa juu ukishuka, kompresere imechoka.

Kiisha kufunga tundu na kubadilisha mipira, anapashwa kuondoa hewa yote ndani ya mirija kwa pompi, karibu nusu saa, na kungojea aone kama sindano inakaa pahali pake. Hewa yenye kubaki inaleta maji, na maji yanakula chuma. Mwishowe anapima gazi kwa kilo, si kwa jicho. Aina na uzito vinaandikwa ku karatasi yenye kubandikwa chini ya kapo. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 yanatumia R134a, mapya mengi R1234yf. Hazichanganywe.

Yenye kukatazwa kabisa

Gazi ya kupikia isitiwe ndani ya klima, hata kama ni bei ya chini na inaleta baridi. Inawaka, na evaporatere iko karibu na miguu ya abiria. Mirija isipimwe kwa oksijeni ya kuchomelea: oksijeni ikikutana na mafuta ndani ya mirija, inaweza kupasuka kama bomu. Fundi mwenye kujilinda anatumia azoti. Na gazi ikiruka inachoma jicho na ngozi kwa baridi yake. Miwani na ganti ni sehemu ya kazi.

Kwa hiyo, mbele ya kufungua mfuko, mwenye gari amuulize fundi neno moja: « Gazi ilitokea wapi? » Mwenye kukosa jibu hajatengeneza kitu.