Nani Mwenye Ufunguo wa Kabati?

Pesa ya korosho ikishaingia, Chiungutwa kama kwingineko Masasi na Newala, mambo ya nyumba huanza. Kwanza bati, halafu saruji, halafu milango. Siku hizi wenye uwezo wameongeza jambo jingine: makabati ya jikoni, yale ya kujengewa ukutani, sinki katikati na milango juu na chini. Fundi anaitwa, anapima, anauliza: mninga au bodi?

Vijana wenzangu, swali hilo linaonekana dogo, lakini lina historia ndefu nyuma yake. Tatizo ni kwamba historia zetu nyingi hupenda kukaa sebuleni na wageni. Hebu leo tuingie jikoni.

Kabla ya kabati palikuwa na uchaga: fito zilizopangwa juu ya mafiga, na juu ya fito mahindi, mtama na mbegu za msimu ujao. Moshi uliopanda kila siku ndio uliokuwa dawa ya wadudu. Akiba nyingine ilitiwa kwenye vyungu vikubwa, vinywa vikazibwa kwa udongo. Wamakonde, Wamakua na Wayao ni watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, na aliyepika ndiye aliyejua kimebaki nini hadi mavuno. Kufuli halikuwapo. Ufunguo ulikuwa kichwani mwa mwanamke.

Kabati lilikuja na mbao za kupasuliwa kwa msumeno, na hata jina lake tumelitoa kwenye Kiingereza. Wamisionari wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Wabenediktini wakaanzisha Ndanda mwaka 1906, mahali palipokuja kujulikana kwa karakana zake. Randa na patasi wakapewa wavulana. Basi angalia kilichotokea: chungu cha akiba kilifinyangwa na mwanamke, lakini kabati linatengenezwa na mwanamume na kulipiwa, mara nyingi, na mwanamume mwenzake. Droo tukaiita mtoto wa meza. Mama mwenye jiko hakuulizwa mtoto huyo akae wapi!

Halafu likaja kabati la vyombo, lile la vioo. Nani hakulijua? Lilikaa sebuleni, limejaa sahani zenye maua na vikombe vya wageni, na watoto wa nyumba wakala kwenye bakuli za bati. Tusidhani fahari hiyo ni ya juzi. Katika nyumba za mawe za Lamu, tangu karne ya 18, kuta zilichongwa zidaka safu kwa safu, na humo zikapangwa bakuli za China ili mgeni azione. Kabati la vioo ni mjukuu wa zidaka.

Lakini kujaza kabati kuliwahi kuwa hatari pia. Mwaka 1983, sukari na sabuni zilipokuwa adimu, serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Upekuzi ukapita, na wapo waliotupa bidhaa zao usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Kitu kilekile ambacho jana kilikuwa akiba, leo kikaitwa ulanguzi.

Sasa turudi kwenye swali la fundi. Mninga na mkongo ni miti ya misitu yetu ya kusini. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 pale Rufiji, njia ya magogo kwenda Dar es Salaam na bandarini ikawa nyepesi, na ripoti ya TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza jinsi mbao nyingi zilivyotoka kusini bila kufuata sheria. Magogo yakaenda, na kwa barabara hiyohiyo zikarudi bodi: unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ukavishwa karatasi yenye picha ya mbao. Inapendeza, na ni rahisi. Lakini bodi ikinywa maji huvimba na hairudi. Kwa hiyo chini ya sinki bodi haifai. Afadhali tofali na zege, milango tu iwe ya mbao. Na mbao yenyewe iwe imekauka sawasawa, vinginevyo mlango utapinda kabla ya masika ya pili.

Kuna sinki, lakini maji je? Juu ya uwanda wa Makonde mito hakuna. Kwa vizazi wanawake waliteremka bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani. Pasipo na bomba la uhakika, sinki la duka ni pambo. Nafasi ya pipa la maji ndiyo kabati la kwanza. Na mahindi usiyafungie tu kwenye kabati ukadhani umeyaokoa. Dumuzi, yule aliyeonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na watu wakambatiza Skania, anatoboa mahindi na mbao pia. Kabati halina moshi wa uchaga. Linahitaji matundu ya hewa, na jicho la kila wiki.

Haya yote fundi hayajui mpaka aambiwe na mwenye kupika. Lakini anaongea na nani? Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, malipo huja kwa jina la mkulima aliyeandikishwa. Aliyeandikishwa akiwa baba, baba ndiye anayesimama na fundi, anachagua rangi, na rafu inapanda kwa kimo chake yeye. Mama anabaki kupanda kigoda ili afikie chumvi katika jiko analoambiwa ni lake.

Ndiyo maana nasema hili si suala la mapambo. Bibi yake hakuwa na kufuli lakini aliitawala akiba. Yeye ana kufuli nne na hakuulizwa hata moja iwekwe wapi. Kabla futi haijakunjuliwa, basi, mwenye kupika asimame ukutani, anyooshe mkono, na fundi apige alama pale vidole vinapofika. Rafu ianzie hapo kushuka chini.

Na wewe unayetafuta hadithi ya kuandika, nenda jikoni kwenu umuulize bibi alihifadhi nini, wapi, na nani alikuwa na ruhusa ya kufungua. Uende na daftari.